Dada si wa protokole tu

Wandugu wakaaji wa Uvira, vijana wa Kavimvira, wa Mulongwe, wa Kasenga, wa Kakombe mpaka Kalundu. Ninyi wa Kiliba na Sange, na ninyi wa Baraka wenye kutusoma kwenye simu: leo hatusemi juu ya barabara, wala maji ya bomba, wala kukatika kwa umeme. Hayo tutayarudilia, mnatujua. Leo tunasema juu ya kiti. Kiti cha mbele katika mikutano ya teknolojia, na nani anakikalia.

Angalieni afishi za mikutano hiyo, ya hapa kwetu, ya Bukavu, ya Goma, ya ngambo kule Bujumbura. Vijana na dijitali, intaneti na maendeleo, biashara kwa simu. Foto za wasemaji zimepangwa vizuri: wanaume watano, sita, koti na kravati. Mara ingine utaona chini foto ya dada mmoja, na kazi yake ni kugawa zamu ya kusema. Halafu fika siku yenyewe. Mlangoni kuko wasichana wanne wa kikwembe kimoja. Wanakaribisha wageni, wanaandika majina, wanagawa maji na sukali. Hao ndio protokole. Mkutano ukiisha, ripoti inasema: wanawake walishiriki kwa wingi. Ndiyo, majina yao yako kwenye orodha. Ila hakuna aliyewauliza wanajua nini.

Tuelewane. Kazi ya protokole si aibu. Kuko dada wengi wanajilipia masomo kwa kazi hiyo, na tunawaheshimu. Shida ni pale ambapo mlango wa mwanamke kuingia katika mkutano wa teknolojia ni huo mmoja tu.

Msimamo wetu ni huu: wanawake wa Uvira na wa mwambao huu wa Tanganyika hawakosi kwenye mikutano ya teknolojia juu ya kukosa akili ao hamu. Wanakosa kwa sababu ya namna mikutano yenyewe inavyotengenezwa: nani anaitwa, saa gani, kwa feza ya nani, kwa luga gani. Na vitu vyenye kutengenezwa na watu, watu wanaweza kuvitengeneza upya.

Nani anajua teknolojia hapa mjini?

Tuanze kwa swali hilo. Mtu akisema teknolojia, wengi wetu tunawaza kijana wa kiume na kompyuta kwenye mgongo. Sawa. Lakini tangu huduma za feza kwa simu ziingie Kongo mwaka 2012, ni nani anaketi chini ya parasoli kutoka asubuhi mpaka jioni akituma na kutosha feza za watu? Mara nyingi ni dada. Anahesabu franka za Kongo, franka za Burundi na dola, vyote kwa kichwa. Anajua mtandao ukianguka afanye nini ili feza ya mteja isipotee. Anamtambua mwizi wa simu mbele mwizi amalize salamu: yule wa "mama, umeshinda zawadi, nipe namba yako ya siri." Huyo dada akipewa dakika 20 mbele ya watu juu ya wizi wa kwenye simu, atafundisha kuliko mtaalamu aliyetoka mbali na slaidi 40.

Na mama anayevuka Kavimvira kila wiki kwenda kutafuta biashara Bujumbura, mwenye laini mbili, moja ya Kongo na moja ya Burundi, mwenye kuagiza mali kwa WhatsApp na kulipa mbele hajafika? Huyo anajua juu ya biashara ya dijitali ya mpakani mambo ambayo hayajaandikwa katika kitabu chochote. Na wanafunzi wa kike wa informatiki? Nao wako. Wanaandika programu kwa kompyuta ya kuazima, usiku, wakati umeme umerudi. Tena si lazima kila mmoja awe mhandisi. Anayetumia chombo kila siku kupata chakula cha watoto ana haki ya kusema chombo kinamuumiza wapi.

Juu ya nini hili ni jambo la raia

Kuna watakaouliza: harakati ya raia inaingia wapi katika hayo? Inaingia moja kwa moja.

Kumbukeni RAM. Septemba 2020, serikali ilianzisha rejista ya simu, na yunite za watu zikaanza kuondoka: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G ao 4G. Watu walilalamika, vijana walipiga kelele nchi nzima, na mwaka 2022 kodi hiyo ikafutwa. Sasa jiulizeni. Mama mwenye mtaji wa dola 30, akikatwa dola 7, anapoteza sehemu gani ya biashara yake? Mambo ya namna hiyo yanazungumziwa kwanza katika vyumba vya mikutano, kati ya serikali, makampuni ya simu na wataalamu. Kama mama huyo hana mtu wake ndani ya chumba, hesabu yake haitafanywa.

Kumbukeni pia Desemba 2018. Baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima, tukakaa karibu siku 20 bila mtandao. Sisi tuliongea juu ya demokrasia, na ilikuwa haki kuongea. Lakini biashara ya mtu anayeagiza na kuuza kwa ujumbe wa simu nayo ilisimama.

Na sheria? Ziko. Katiba yetu ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 14, inaiagiza serikali kuondoa ubaguzi wote dhidi ya mwanamke na kuhakikisha usawa katika taasisi. Sheria ya 1 Agosti 2015 ikaja kueleza namna ya kuutekeleza usawa huo. Kisha iko ile ambayo wengi hawaijui: Sheria ya Familia ya 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana wake mbele ya kufanya tendo la kisheria. Sheria ya 15 Julai 2016 ilitosha sharti hilo, ikaweka mapatano kati ya mke na mume. Miaka inapita, lakini nyumbani na hata ofisini dada bado anaulizwa: "Bwana yako anajua unasafiri?" Kaka yake anayesafiri naye haulizwi kitu.

Mifano haiko mbali

Msiseme haya ni mambo ya Wazungu. Mwaka 2003, hapa hapa Kivu ya Kusini, wanawake wa redio walianzisha chama chao cha wanahabari, AFEM, pale Bukavu. Kati yao alikuwako Chouchou Namegabe, aliyejifunza kazi katika Radio Maendeleo. Mikro na kinasa sauti ndivyo vilikuwa teknolojia ya wakati ule. Walivichukua, wakaenda kusikiliza wanawake ambao hakuna aliyekuwa anawasikiliza, wakarusha sauti zao hewani wakati wengi walitaka mambo yale ya vita yafichwe. Mwaka 2009 Namegabe alifika kutoa ushuhuda mbele ya Seneti ya Marekani. Hakungoja kualikwa na wakubwa wa Bukavu.

Kule Kinshasa, mwaka 2013, watu waliona roboti kubwa za kuongoza magari kwenye njia panda, zenye kutumia nguvu ya jua. Aliyezileta ni mhandisi mwanamke, Thérèse Izay Kirongozi, aliyesomea hapa nchini, katika ISTA ya Kinshasa.

Na Kenya? Mwanzoni mwa 2008, wakati wa fujo za baada ya uchaguzi, kikundi kidogo kilitengeneza mfumo wa kukusanya habari za raia kwa simu na intaneti na kuziweka kwenye ramani. Wakauita Ushahidi. Kati ya waanzilishi wanne, wawili ni wanawake: Ory Okolloh na Juliana Rotich. Mwaka ule ule wa 2008, vita vilipopamba moto Kivu ya Kaskazini, mfumo huo ulitumiwa kufuatilia mambo ya Kongo. Chombo kilichotoka katika mikono ya wanawake wa Kenya kilifika kwetu mbele wengi wetu hatujanunua simu ya kwanza.

Tunayasema haya kuwajibu wanaosema: "Watu wamekimbia vita, wengine wako kwenye makambi, ninyi mnaleta habari za konferansi." Ndugu, teknolojia ya watu walio katika shida inahitaji sana watu walio katika shida hiyo. Usiku ule wa Aprili 2020, mto Mulongwe ulipovunja kingo na kubeba nyumba na watu wetu, habari zilizunguka kwa simu. Siku hizi msaada kwa waliopoteza makao mara nyingi unapitia kwenye simu pia. Kama simu ya nyumba ni ya baba, na mfumo umeandika jina la baba, mama aliyebaki peke yake na watoto anapokea kwa njia gani? Hilo ni swali la kiufundi. Linatakiwa kuulizwa mkutanoni, na anayeweza kuliuliza vizuri ni yule liliyempata.

"Tuliwaita, hawakukuja"

Hili ndilo jibu tunalosikia kila mara. Waandalizi wanasema: "Apana, sisi hatuna shida na wanawake. Tuliwaita, hawakukuja."

Mliwaita namna gani? Kubandika tangazo na kusema "wanawake mnahimizwa kujiandikisha", huko si kuita. Sikilizeni kisa hiki. Marekani kuko mkutano mkubwa wa watu wanaoandika programu kwa luga ya Python, unaitwa PyCon. Mwaka 2011, kati ya wasemaji 100, mwanamke alikuwa kama 1 tu. Mwaka 2016 walifika 40 kwa 100. Kilifanyika nini? Jessica McKellar na wenzake waliofanya kazi hiyo hawakutumia uchawi. Waliwatafuta wanawake, wakawaandikia mmoja mmoja, wakawaambia: wewe unajua jambo hili, lete mada, tutakusaidia kuitayarisha. Miaka mitano ya kuandika barua na kufuatilia.

Kwa nini kuitwa kwa jina kuna nguvu? Kwa sababu msichana amekua akiambiwa asijipendekeze. Kaka anayejua kidogo anajitokeza, kwani amezoezwa hivyo. Dada anayejua sana anangoja aambiwe. Ukimwita kwa jina, umevunja nusu ya ukuta.

Nusu ya pili ni mambo ya kawaida ambayo waandalizi wengi hawayafikiri. Mkutano unatangazwa kuanza saa tatu, unaanza saa tano kwa kungoja mkubwa, unaisha saa moja usiku. Usiku wa Uvira tunaujua wote. Dada wa Kalundu atarudi na nani? Motari gani atamwamini? Mtoto anayenyonya atamwacha na nani? Nauli inasemwa itarudishwa baadaye, ukileta risiti. Motari gani wa Uvira anatoa risiti? Na mwenye kukosa hiyo feza ya kutanguliza ni nani mara nyingi?

Mkutano ukiwa mbali ni shida juu ya shida. Miaka ya nyuma paspoti ya Kongo iliuzwa dola 185. Vijana wa nchi hii walipigana juu ya bei hiyo. Familia ikiwa na uwezo wa kulipia paspoti moja, italipia ya kijana ao ya msichana? Mnajua jibu. Septemba 2023, Dar es Salaam ilipokea mkutano wa Afrika juu ya uhuru wa intaneti, na Novemba mwaka ule ule Zanzibar ikapokea mkutano wa Afrika wa watumiaji wa Django, chombo cha kutengenezea tovuti. Miji ya Waswahili wenzetu, ngambo ya ziwa hili hili na mbele kidogo. Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Milango inafunguka, lakini asiye na paspoti anaitazama tu.

Na kuko jambo ambalo watu wanalinong'ona. Tutalisema kwa sauti. Kuko wanaume wanaotumia mialiko, safari na nafasi za mafunzo kama chambo. "Njoo tuongee kwanza." "Nitakuweka kwenye orodha, ila..." Wasichana wengine wameacha kabisa mambo haya juu ya hiyo. Mwaliko si mali ya mtu ya kununulia mwili wa dada. Na akisimama jukwaani akasema vizuri, kesho anatukanwa kwenye mitandao juu ya nguo yake na sura yake. Sheria ya dijitali ya 13 Machi 2023 inaadhibu unyanyasaji wa kwenye mitandao. Itumike.

Tunachodai

Kwa kila mwandalizi wa mkutano wa teknolojia katika Uvira na mwambao huu, awe shirika, kampuni, chuo ao ofisi ya serikali:

1. Wanawake wawe kati ya wasemaji wa kila meza, na wapewe mada yenyewe. Kugawa zamu ya kusema na kushukuru wageni hakuhesabiki.

2. Waalikwe kwa jina, mapema, na wasaidiwe kutayarisha mada kama hawajawahi kusema mbele ya watu.

3. Mkutano uanze saa uliotangazwa na uishe saa tisa ya mchana. Mkubwa akichelewa, atakuta watu wamekwisha kuanza.

4. Nauli itolewe mkononi mbele ya safari.

5. Kuwe na chumba na mtu wa kushika watoto. Kwa bajeti inayonunua sukali ya watu 100, chumba hicho hakitashinda kupatikana.

6. Kiswahili kikubaliwe kwenye mikro. Mtu asiyejua Kifaransa cha ofisi aseme anachokijua. Na yule wa Kifuliiru, Kivira ao Kibembe apate wa kumtafsiria.

7. Kuwe na mtu anayejulikana, mwanamke, wa kupokea malalamiko ya unyanyasaji, na aliyenyanyasa atoke ukumbini siku ile ile.

Sisi wenyewe tunajifunga hivi. Hatutasambaza kwenye kurasa zetu afishi ya mkutano yenye wanaume watupu. Mwanamemba wetu akialikwa kusema kwenye meza ya namna hiyo, atajibu kwa kupendekeza jina la dada mwenye kujua mada ile. Na tunaanza kukusanya orodha ya wanawake wa Uvira, wa bonde la Ruzizi na wa Fizi wenye kutaka kusema, kila mmoja na mada yake, kwa ruhusa yake. Mwandalizi atakayesema hakuwapata, tutampa orodha.

Kwenu dada

Msingoje mpaka mjue kila kitu. Wanaume wanaosema pale mbele hawajui kila kitu pia. Chukua jambo moja unalolijua kwa mikono yako: wizi wa kwenye simu, kuuza kwa WhatsApp, kutengeneza simu zilizoanguka kwenye maji, kufundisha watoto kompyuta bila umeme wa kutosha. Liandike kwa mistari mitatu: shida ni nini, wewe unafanya nini, wengine wajifunze nini. Hiyo tayari ni mada. Kama kusimama mbele kunakuogopesha, anza kwa kuuliza swali moja. Nenda na rafiki. Keti mbele.

Na ninyi kaka: kiti hakipatikani mpaka mtu asogee. Ukimwona dada ananyoosha mkono na mikro inampita, irudishe kwake. Akisema jambo, usilirudilie kwa Kifaransa kikubwa ukapigiwa makofi wewe.

Na ninyi wazazi na mabwana: binti akisema anaenda kwenye mkutano wa teknolojia, ulizeni kama anavyoulizwa kijana: "Utatuletea maarifa gani?" Nauli ikikosekana, itafutwe kama inavyotafutwa ya kaka yake.

Afishi ya mkutano ujao wa teknolojia katika mji huu itabandikwa siku moja karibuni. Tutaihesabu, foto kwa foto. Nanyi muihesabu.

Vijana wa harakati ya raia, Uvira